Mwanafunzi anapoishiwa nguvu ya kusoma: dalili zake na namna ya kumrejesha



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maradhi yanayoonekana: minyoo, kipindupindu, homa ya matumbo, usafi wa choo na maji ya kunywa. Leo tutazame tatizo ambalo darubini ya maabara haiwezi kulionyesha, lakini sisi tulioko katika vituo vya afya tunaletewa kila mwaka, hasa miezi michache kabla ya mitihani ya taifa. Ni tatizo la mwanafunzi aliyekuwa akisoma vizuri kabisa, kisha taratibu akaishiwa. Hana homa, hana jeraha, lakini kitabu hakishikiki. Akiulizwa ana nini, hujibu neno moja tu: "Nimechoka."

Nyumba nyingi huitafsiri hali hii kwa namna tatu. Baba husema ni uvivu na simu. Bibi husema mtoto kapatwa na kijicho cha watu, kwani si yeye aliyekuwa akishika nafasi ya kwanza? Mama hupita duka la dawa akanunua dozi ya malaria. Wote watatu wanamtakia mtoto kheri, na wote watatu huenda hawajafika mahali penyewe.

Hali hii ni ipi hasa?

Mwaka 1974 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Herbert Freudenberger wa New York, Marekani, aliandika kuhusu watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati ya bure. Walianza kwa ari kubwa, wakafanya kazi mchana na usiku, na baada ya muda wakawa watu wengine: wamechoka, wana hasira, hawawajali tena wagonjwa waliokuja kuwasaidia. Hali hiyo aliipa jina lenye maana ya kuungua hadi kwisha. Kwa lugha yetu twaweza kuifananisha na kandili. Chupa haikupasuka, utambi haukukatika, ila mafuta yamekwisha na sasa utambi unajila wenyewe.

Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, nao wa Marekani, walichapisha maswali ya kupima hali hiyo kwa wafanyakazi. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Wilmar Schaufeli waliyarekebisha maswali hayo yawafae wanafunzi, wakayatumia kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Hispania, Ureno na Uholanzi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeitaja kama hali itokanayo na kazi, na halikuihesabu kuwa ugonjwa. Wanafunzi hawakutajwa hapo. Lakini kwa mtazamo wangu, mwanafunzi wa kidato cha nne wa zama hizi naye ana kazi, tena ya zamu mbili, isiyo na mshahara wala likizo.

Alama zake kubwa ni tatu, na mzazi hahitaji shahada ili azitambue. Ya kwanza ni uchovu usioondoka kwa kulala usiku mmoja. Mtoto anaamka asubuhi ya Jumapili baada ya kulala sana, bado amechoka vilevile. Ya pili ni moyo kujitenga na masomo. Yule aliyekuwa akijadili maswali na wenzake barazani sasa anafanya kejeli: "Hata nikifaulu, ajira ziko wapi?" Ya tatu ni kujiona hawezi tena, hata katika somo alilokuwa akiwafundisha wengine. Juu ya hizo huja kichwa kugonga, tumbo kuvurugika, hasira kwa jambo dogo, na kusoma ukurasa mmoja mara tano bila ya kubaki kitu.

Tofauti yake na uvivu iko wazi ukiitazama historia ya mtoto. Mvivu hakuanza kwa bidii. Huyu tunayemzungumzia alianza kwa bidii kuliko wote, na ndiyo maana akaishiwa.

Tupige hesabu ya siku moja

Tumchukue mwanafunzi wa mjini, wa kutwa, katika nyumba ya Kiislamu. Anaamka saa 11 alfajiri kwa ajili ya swala na kuwahi daladala. Yuko shuleni saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Saa 10 anaingia masomo ya ziada, anatoka saa 12 jioni. Baina ya Magharibi na Isha yuko madrasa. Akifika nyumbani ale, aoge, afue sare, na kama ni binti basi aoshe na vyombo vya nyumba nzima, kwa sababu kaka yake "anasoma". Anafungua daftari saa 3 na nusu usiku, anafunga saa 6. Kutoka saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa tano.

Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani mwaka 2016 kilipendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa kila saa 24. Mtoto wetu basi anapungukiwa saa tatu kila usiku, kwa kiwango cha chini kabisa. Siku tano za juma ni saa kumi na tano, karibu sawa na kukosa usiku mbili kamili. Na hapo hatujaingiza Jumamosi, ambayo nayo imekwishajazwa masomo ya ziada.

Ubaya zaidi ni kwamba usingizi si muda uliopotea kwa mwanafunzi. Tulalapo, ubongo hupanga na kuimarisha yale tuliyojifunza mchana. Anayekata usingizi ili asome anafanana na mtu anayeteka maji kwa ndoo iliyotoboka, kisha akichelewa kujaza pipa anaongeza kasi ya kuteka.

Kijana mmoja wa kidato cha nne aliletwa kwetu na mama yake muuza vitumbua, mwezi wa Agosti. Kwa mwezi mmoja na nusu alikuwa amekwishameza dozi tatu za malaria za duka la dawa, bila ya kupimwa hata mara moja. Tulimpima: malaria hana, damu ya kutosha, mkojo safi, sukari ya kawaida. Mama akaanza kulia. "Daktari, ningefurahi ungeniambia ana ugonjwa," alisema. "Vitumbua vyote ninavyokaanga vinakwenda kwenye masomo yake ya ziada. Sasa hataki hata kuliona begi." Kijana alikuwa kainamisha kichwa. Nilipomwomba mama atupishe kidogo, akaniambia: "Daktari, kila nikikaa kusoma namwona mama kwenye moshi. Nikifeli nitamwambia nini? Basi nabaki naitazama karatasi tu mpaka wenzangu wanalala."

Ndugu msomaji, mtoto yule hakuwa amemsahau mama yake. Alikuwa amembeba usiku na mchana, na mzigo ndio uliomwangusha. Wazazi wengi hukumbushia gharama kwa nia ya kutia bidii. Kwa mtoto mwenye kujali, ukumbusho huo hukuta mlango tayari umefunguliwa na hofu.

Kwanza, apimwe

Pamoja na niliyoyasema, asiwepo mzazi wa kutamka "ni uchovu wa masomo tu" kabla mtoto hajaonwa na mhudumu wa afya. Yapo maradhi yanayokuja na sura hiyohiyo. Upungufu wa damu ni wa kwanza, hususan kwa mabinti waliokwisha kuvunja ungo. Binti wa miaka 12 na kuendelea, asiye mjamzito, akiwa na wingi wa damu chini ya gramu 12 kwa desilita amepungukiwa. Kwa mvulana aliyetimiza miaka 15 kiwango ni 13. Minyoo ya safura na kichocho hunyonya nguvu kimyakimya. Malaria ipimwe kwa kipimo cha haraka, isikisiwe. Kisukari cha ujana huanza kwa kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda. Huyu awahishwe siku hiyohiyo. Kifua kikuu, maradhi ya tezi ya shingo, na uoni hafifu unaomfanya mtoto aumwe kichwa kila akisoma, navyo vitazamwe.

Vipimo vikitoka salama, hapo ndipo tunaanza kazi ya kumrejesha. Niseme mapema kwamba hakuna kidonge wala sindano ya vitamini ya kuondoa hali hii. Kazi hii ni ya nyumba, na huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi.

Usingizi, kisha mengineyo

Hatua ya kwanza ni usingizi. Kwa wiki mbili za mwanzo taa izimwe saa 3 usiku, hata kama kazi ya shule haijakwisha. Kutoka saa 3 hadi saa 11 ni saa nane, na swala ya Alfajiri haikupotea. Simu ilale chumba cha wazazi. Wazazi nao wazime televisheni ya sebuleni, kwani katika nyumba zetu za vyumba viwili sebule ndiyo chumba cha mtoto. Siku za mapumziko alale kidogo adhuhuri, dakika ishirini au thelathini. Huu ndio usingizi wa kailula tuliofundishwa na masheikh wetu, na wapimaji wa usingizi wa leo nao wanausifu kwa sharti usiwe mrefu.

Yapo manung'uniko hapa kutoka kwa wazazi: mtihani uko karibu, utamlazaje mtoto saa 3? Jibu langu ni kwamba zile saa za usiku alizokuwa nazo zilikuwa hazizai kitu. Nusu saa ya asubuhi yenye akili iliyopumzika ina faida kuliko saa mbili za kutazama karatasi.

Hatua ya pili ni kupunguza mzigo, na hapa ndipo wazazi wengi hushindwa kwa sababu wanadhani kila kinachopunguzwa ni kufeli. Mzazi akae na mwanawe na karatasi, waandike kila anachokifanya kwa juma. Kisha wakate. Masomo ya ziada ya masomo yote saba yabakie mawili yanayomsumbua kweli. Kazi za nyumbani zigawiwe watoto wote, wa kiume na wa kike. Katika juma iwepo siku moja, au walau nusu yake, isiyo na kitabu kabisa: acheze mpira, aende kwa shangazi, akae barazani. Mzazi amwendee mwalimu wa darasa amweleze hali. Nimewaona walimu wengi wakiwa waungwana wanapoambiwa ukweli mapema. Tatizo letu ni kuwaendea baada ya matokeo.

Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu mambo ni tofauti kidogo. Yuko mbali na nyumbani, amepanga chumba, pengine anasubiri fedha za mkopo huku akila mlo mmoja. Huyu aende kwa mshauri wa wanafunzi na zahanati ya chuo. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya, na kuahirisha kwa maandishi kuna heshima kuliko kutoweka darasani kisha jina likafutwa.

Hatua ya tatu ni kubadili namna ya kusoma ili saa chache zitoshe. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari fulani kwa kuirudia mara kwa mara na wale walioisoma kisha wakafunga na kujaribu kuiandika kwa kukumbuka. Walipojaribiwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka waliwaacha wenzao mbali. Yeyote aliyepita madrasa hatashangaa. Ustadhi hakukuachia uangalie lauhi mchana kutwa. Alikwambia ifunike, soma nikusikilize. Na alikurejesha kwenye sura ya juzi na ya juma lililopita kabla hajakupa mpya. Basi watoto wetu waifanyie baiolojia na historia vilevile: dakika ishirini na tano za kusoma, funga daftari, sema au andika unachokumbuka, pumzika dakika tano. Vipindi vinne vya namna hiyo kwa siku vinatosha kwa anayeanza kupata nafuu.

Chakula nitakipitia kwa haraka. Chai kavu na andazi havimpeleki mtoto hadi saa 9. Apate uji wa lishe, yai, maharage au dagaa, na mboga za majani pamoja na chungwa au limau, kwani tunda chachu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai inyweke mbali na mlo, si pamoja nao, maana huzuia madini hayo. Na atembee au acheze nusu saa kila siku jioni.

Vinavyoharibu zaidi

Vijana wengi wamefundishana kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili wakeshe. Kopo la mililita 250 huwa na kafeini ya takriban miligramu 80, sawa na kikombe cha kahawa, na sukari nyingi juu yake. Baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini. Aliyekunywa saa 2 usiku, saa 7 bado anapigana nayo. Kinywaji hakimpi nguvu mpya, kinamkopesha nguvu za kesho. Mirungi nayo inatafunwa kwa kisingizio hichohicho. Mbali na madhara yake, Tanzania imepigwa marufuku kisheria. Wapo pia wanaopeana vidonge vya kutuliza maumivu makali, na wengine vya usingizi, bila ya cheti cha daktari. Mzazi ukivikuta kwenye begi usianze na kipigo. Mlete mtoto pamoja na pakiti yake tujue ni kitu gani.

Kuhusu kijicho na majini, mimi ni mtoto wa madrasa na siwezi kumzuia mtu kumsomea mwanawe Qur'ani. Msomeeni, ni kheri na humtuliza. Ninachokataa ni mtoto kunyimwa chakula, kufungiwa, kuchapwa au kufukizwa moshi usiku kucha kwa jina la tiba, wakati kinachomsumbua ni saa kumi na tano za usingizi kwa juma. Dua na hospitali havigombani.

Wapo wanaoona kupumzika ni upungufu wa imani. Wakumbuke habari ya Sahaba Abdullah bin Amr bin al-Aas (r.a.), iliyomo katika Sahih Bukhari. Alikuwa kijana aliyefunga kila siku na kusimama usiku kucha akisoma Qur'ani. Mtume (s.a.w.) alimwita, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mkewe ana haki, kisha akampunguzia. Abdullah alijadiliana akitaka zaidi, kwa kuwa alijiona ana nguvu. Alipozeeka na ile ada ikawa nzito, alitamani lau angeipokea ile ruhusa. Na hiyo ilikuwa ibada, sembuse maswali ya hesabu.

Lini ni hatari?

Hapa naomba mzazi asome taratibu. Uchovu wa masomo mtoto hukerwa na kitabu, lakini bado hucheka na rafiki zake, bado hufurahi mpira na pilau ya Idi. Iwapo furaha imeondoka katika kila jambo, huzuni imekaa wiki mbili au zaidi takriban kila siku, anajilaumu kupita kiasi, hali au anakula bila ya mpaka, hiyo sasa yaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Akisikia sauti wasizozisikia wengine, aletwe haraka.

Na akisema maneno kama "bora nisiwepo", "mtapumzika na mimi", au akianza kugawa vitu vyake, usiseme anatafuta huruma. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kutua mzigo. Asiachwe peke yake hata kidogo, dawa na sumu za wadudu na panya ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe mchana au usiku. Tusimtishe kwa moto wa Jahannam wakati huo. Anaujua. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kukaa naye.

Yule kijana wa vitumbua hakufika huko, Alhamdulillah. Mama yake alikubali kuacha masomo ya ziada matano kati ya saba, na lililomsaidia zaidi, nadhani, ni kwamba alimwambia mwanawe kwa kinywa chake kuwa vitumbua vilikuwepo kabla ya mtihani na vitakuwepo baada yake. Wiki ya tatu usingizi ulirudi. Wiki ya sita akaanza mwenyewe kuulizia begi. Mwezi Novemba alifanya mtihani, akafaulu masomo mengi na akaanguka hesabu, ambayo aliirudia mwaka uliofuata akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mlango huo upo kwa kila mwanafunzi, na ni vizuri mtoto aujue kabla ya mtihani, si baada.

Limebaki suala la madrasa, kwani maustadhi wameniuliza kama mtoto wa namna hii asimamishwe hifdhi. Mara nyingi haina haja ya kumsimamisha. Kwa wiki mbili asipewe somo jipya kabisa, asikilizwe tu sura fupi anazozijua vizuri, aende nyumbani mapema kabla ya Isha. Wiki ya tatu apewe mistari mitatu. Akiileta bila ya kusukumwa, wiki ya nne aongezewe iwe nusu ukurasa, na kiboko kiwekwe mbali muda wote huo. Ustadhi akiona mtoto anaanza tena kusahau alichokijua juzi, arudi hatua moja nyuma na amjulishe mzazi jioni hiyohiyo.